Muuzaji Aliyekuja Mlangoni: Haki ya Kufuta Mkataba Uingereza na Mafundisho ya Khiyari

 

Ndugu zetu wengi wanaoishi Uingereza huuziwa vitu wakiwa majumbani mwao. Mtu hugonga mlango akiwa na karatasi na tabasamu, anauza madirisha, paneli za sola, king'ora cha wezi, godoro la "tiba" au kichujio cha maji. Wakati mwingine anayefungua ni mama mtu mzima ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Muuzaji anakaribishwa kwa ukarimu wetu wa kawaida, anapewa chai, na saa mbili baadaye anaondoka na sahihi ya mkataba wa maelfu ya pauni. Watoto wakirudi jioni nyumba nzima inaingia huzuni, na mzee anasema, "Nimeshatia sahihi, na Muislamu hutimiza ahadi yake."

Je, ni kweli kwamba hakuna njia ya kutoka? Na ikiwa sheria ya nchi imempa njia, je, kisharia anaruhusiwa kuitumia, au atakuwa amevunja ahadi? Haya ni maswali mawili, na inshaallah tutayaeleza moja baada ya jingine.

Sheria inasema nini

Uingereza ina kanuni za mikataba ya wanunuzi za mwaka 2013, ambazo zilianza kutumika tarehe 13 Juni 2014. Kabla ya hapo mtu aliyeuziwa nyumbani alikuwa na siku 7 za kubadili mawazo. Kanuni hizi zimempa siku 14. Ndani ya siku hizo anaweza kufuta mkataba bila kutoa sababu yoyote. Halazimiki kuthibitisha kwamba bidhaa ni mbovu au kwamba amedanganywa. Inatosha kwamba amebadili nia.

Haki hii haiwahusu watu wote wanaonunua vitu. Aliyekwenda dukani kwa miguu yake, akachagua na kulipa, sheria haimpi haki ya kurudisha kitu kizima kwa sababu tu hakipendi tena. Duka likikubali kukipokea, hiyo ni hisani yake au utaratibu wake. Haki ya siku 14 ni ya aliyenunua kwa mbali, kama vile kwa simu au intaneti, na ya aliyeuziwa ana kwa ana nje ya mahali pa biashara pa muuzaji. Makala haya yanamzungumzia huyu wa pili.

Mkataba huhesabiwa kuwa umefanyika nje ya mahali pa biashara katika hali hizi:

1. Muuzaji na mnunuzi wamekutana uso kwa uso na kukubaliana mahali ambapo si pa biashara ya muuzaji: nyumbani kwako, kwa jirani, kazini kwako, au katika ukumbi uliokodiwa kwa siku moja.

2. Wewe ndiye uliyetoa pendekezo la kununua mahali hapo, na muuzaji akalikubali baadaye.

3. Muuzaji amekufuata wewe binafsi barabarani au kwenye maegesho, kisha papo hapo akakupeleka ofisini kwake kutia sahihi, au mkamalizia kwa simu.

4. Umepelekwa kwenye matembezi yaliyoandaliwa na muuzaji mwenyewe ili akuuzie vitu.

Zingatia kwamba si lazima muuzaji awe amekuja bila kualikwa. Hata kama wewe ndiye uliyempigia muuzaji aje nyumbani na mkatiliana sahihi sebuleni, haki yako ipo. Kwa upande mwingine, kibanda cha soko ambacho mfanyabiashara hukaa kila wiki ni mahali pake pa biashara, hata kama kina magurudumu. Anayenunua hapo ni sawa na aliyeingia dukani. Pia mauzo ya nje ya duka ambayo bei yake haizidi pauni 42 hayamo katika kanuni hizi.

Namna ya kuhesabu siku

Kwa bidhaa, siku 14 huanza kuhesabiwa siku inayofuata baada ya wewe kuzipokea mkononi. Ukipokea godoro tarehe 3 Machi, siku yako ya mwisho ni tarehe 17 Machi. Kama umeagiza vitu kadhaa kwa oda moja na vinakuja kwa mafungu, hesabu inaanza baada ya fungu la mwisho. Huna haja ya kungoja bidhaa ifike ndipo ufute, kwani unaweza kufuta hata kesho yake baada ya kutia sahihi.

Kwa huduma, kama vile kazi ya fundi au kuhamishiwa vyombo, siku huhesabiwa baada ya siku ya mkataba wenyewe.

Muuzaji analazimika kukupa maelezo ya haki hii kwa maandishi pamoja na fomu ya kufutia. Asipofanya hivyo, muda wako hauishi baada ya siku 14. Unaongezeka kwa miezi 12 nzima. Katika mfano wetu wa godoro, mnunuzi ambaye hakupewa maelezo yoyote atakuwa na haki ya kufuta hadi tarehe 17 Machi ya mwaka unaofuata. Muuzaji akizinduka katikati ya muda huo na kumpa maelezo, ndipo siku 14 zitaanza kuhesabiwa kutoka hapo. Zaidi ya hayo, kwa mauzo ya nje ya duka, kutompa mnunuzi maelezo ya haki ya kufuta ni kosa la jinai linaloweza kumletea muuzaji faini.

Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliwahi kulifafanua jambo hili mwaka 2014, chini ya kanuni za zamani. Mtu mmoja alitia sahihi nyumbani kwake mkataba wa kuhamishiwa vyombo na kutanguliza pauni 1,000. Akapata mwingine wa bei nafuu, akafuta. Mhamishaji akamdai fidia ya kufuta. Ikadhihirika kwamba hakumpa mteja ile taarifa ya maandishi. Mahakama ikaamua kwamba kutompa taarifa hakumwondolei mteja haki yake, na kwamba alistahili kurudishiwa fedha alizotanguliza. Laiti ingekuwa kinyume chake, kila muuzaji angenyamaza ili haki isizaliwe.

Namna ya kufuta

Si lazima kutumia fomu maalumu. Inatosha kauli iliyo wazi kwamba unafuta mkataba: jina lako, anwani, tarehe ya mkataba na kitu ulichonunua. Hata hivyo ukibishiwa, wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba ulifuta. Kwa hiyo usitegemee simu peke yake. Andika barua pepe na uhifadhi nakala, au peleka barua kwa njia itakayokupa risiti ya posta. Muhimu ni kutuma kabla ya muda kwisha, hata kama muuzaji ataisoma baadaye.

Baada ya kufuta, rudisha bidhaa ndani ya siku 14. Gharama ya kurudisha ni yako iwapo muuzaji alikueleza hivyo tangu mwanzo. Asipokueleza, ni yake. Kama kitu kililetwa nyumbani siku ileile ya mkataba na ni kikubwa kiasi cha kutoweza kupelekwa kwa posta, muuzaji ndiye atakayekuja kukichukua kwa gharama yake.

Naye muuzaji ana siku 14 za kurudisha fedha, kuanzia alipopokea bidhaa au uthibitisho kwamba umeshaituma. Kama ni huduma, siku zinaanzia alipoarifiwa kufutwa. Atarudisha pia nauli ya kawaida ya kuletea mzigo, kwa njia ileile uliyolipia, bila kukata ada.

Kuna faida nyingine ambayo inatuhusu sana sisi. Wauzaji wa mlangoni mara nyingi huambatanisha mauzo na mkopo wa kampuni ya fedha, wenye riba. Ukifuta mkataba mkuu kwa haki hii, mkopo uliofungamanishwa nao nao unakatika. Na hata peke yake, mkopo wa kawaida wa mnunuzi una siku 14 za kujitoa chini ya sheria ya mikopo. Basi mzee aliyetumbukizwa kwenye riba bila kuelewa anachotia sahihi ana mlango wa kutokea, na asiukawilie.

Vitu ambavyo havimo

Haki hii ina mipaka. Huwezi kufuta baada ya kununua kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako, kama pazia lililokatwa kwa dirisha lako au joho lililoshonwa kwa mwili wako. Vyakula vinavyoharibika haraka havimo. Kitu kilichofungwa kwa sababu za afya au usafi, ukishakifungua huwezi kukirudisha. Fundi uliyemwita kwa dharura kuziba bomba lililopasuka, kazi hiyo haifutiki, ingawa akikuuzia na kitu kingine cha ziada humohumo, hicho cha ziada kinafutika.

Safari za jumla, zikiwemo Umra na Hija, zina kanuni zake za mwaka 2018. Huko msafiri anaweza kujitoa kabla ya kuondoka, lakini anaweza kutozwa ada inayolingana na hasara ya mwandaaji. Kwa hiyo usimlipe wakala aliyeweka meza msikitini ukitegemea kwamba una siku 14 za kufikiri. Fikiri kwanza.

Tahadhari kubwa ni katika huduma. Fundi hatakiwi kuanza kazi ndani ya siku 14 isipokuwa umemwomba hivyo kwa maandishi. Ukimwomba, akaanza, kisha ukafuta, utamlipa kwa kadiri ya kazi aliyofanya. Na kama umekiri kwamba haki itapotea kazi ikikamilika, basi ikikamilika imepotea. Wengi hutia alama kwenye kijisanduku hicho bila kukisoma. Kama huna haraka, usikitie alama.

Sasa upande wa sharia

Mzee wetu aliyesema Muislamu hutimiza ahadi amesema kweli. Suratul-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Lakini Suratun-Nisai nayo imeweka sharti kwamba biashara iwe ya kuridhiana, na mafaqihi hawakuelewa kuridhiana kuwa ni sahihi tu kwenye karatasi. Ndiyo maana vitabu vya fiqhi vina mlango mzima wa khiyari, yaani haki ya kuendelea na mkataba au kuuvunja. Neno hili lina asili moja na "hiari" tunayoitumia kila siku.

Tutazame mafundisho matatu ya Mtume (s.a.w.) yanayokaribiana sana na mas-ala yetu.

La kwanza ni kukataza kuupokea msafara nje ya mji. Wafanyabiashara wajanja wa zama zile walikuwa wakitoka kuwakuta wenye bidhaa njiani, kabla hawajafika sokoni na kuijua bei, wakanunua kwao kwa thamani ndogo. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo. Katika riwaya iliyopokewa na Muslim, aliyeuza kwa njia hiyo akapewa khiyari atakapofika sokoni. Hapa anayelindwa ni muuzaji, lakini sababu ni ileile: mtu ameshikwa mahali ambapo hawezi kulinganisha bei wala kumuuliza mwingine. Aliye sebuleni kwake mbele ya muuzaji hodari yuko katika hali hiyohiyo.

La pili ni kisa cha sahaba aliyekuwa akipunjwa katika biashara zake. Wanachuoni wengi wamemtaja kuwa ni Habban bin Munqidh, ambaye aliumia kichwani na ufahamu wake ukadhoofika. Mtume (s.a.w.) alimfundisha atamke wakati wa kuuziana kwamba pasiwe na udanganyifu. Asili ya hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na katika riwaya za wengine imeongezwa kwamba alipewa khiyari ya siku tatu. Hakunyimwa kufanya biashara kwa sababu ya udhaifu wake. Aliachiwa uhuru wake na akawekewa kinga.

La tatu ni mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa ili chuchu zijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mnunuzi wake amepewa siku tatu: akitaka atabaki naye, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokwisha kuyakamua. Zingatia uadilifu wake. Mnunuzi anarudisha mnyama, lakini alichokula analipia.

Je, siku 14 zinakubalika?

Hapa pana khitilafu inayopaswa kuelezwa kwa uaminifu. Khiyari ya sharti, yaani muda ambao wauziani wanakubaliana kwamba mmoja wao anaweza kuvunja, katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, haizidi siku tatu. Hiyo pia ni kauli ya Abu Hanifa. Hanbali, pamoja na Abu Yusuf na Muhammad ambao ni wanafunzi wa Abu Hanifa, wamejuzisha muda wowote maadamu unajulikana. Na Malik ameuangalia muda kulingana na haja ya kukijaribu kitu chenyewe: nguo si sawa na nyumba.

Muda wa siku 14 unajulikana, na kila anayeuza mlangoni Uingereza anawajibika kuutaja. Ile kanuni ya fiqhi kwamba kilichozoeleka kati ya watu ni kama kilichoshurutishwa inatufikisha hapo: muuzaji ameingia mkataba huu akijua kwamba mnunuzi ana muda huo. Kwa hiyo anayefuta ndani ya siku zake hajavunja ahadi, kwa sababu haki ya kufuta ni sehemu ya ahadi yenyewe. Mwenye kufuata kauli ya siku tatu na akataka kutoka katika khitilafu, na afanye haraka. Kwa kweli sote tunashauriwa kufanya haraka, maana kuchelewa humdhuru muuzaji pia.

Palipo na wasiwasi ni mahali pengine: pale sheria inapompa mnunuzi zaidi ya anachostahiki kwa kazi ya mwenzake. Mwezi Mei 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Ujerumani. Fundi alibadilisha mfumo wa umeme wa nyumba, akaumaliza, lakini hakuwa amemweleza mteja haki ya kujitoa. Mteja akajitoa baada ya kazi kwisha. Mahakama ikasema hapaswi kulipa chochote. Kanuni za Uingereza nazo zinaelekea hukohuko kwa fundi asiyetoa maelezo.

Hiyo ni adhabu ya sheria kwa mfanyabiashara aliyezembea, na ina hekima yake. Lakini Muislamu ana mizani nyingine juu ya mizani ya mahakama. Mafaqihi wamesema kwamba hata ijara iliyoharibika, mfanyakazi aliyekamilisha kazi hulipwa ujira wa mfano, yaani kiasi ambacho kazi kama ile hulipwa kwa kawaida. Fundi aliyefanya kazi njema, bila hadaa, akasahau karatasi tu, kuwasha taa zake kila usiku bila kumlipa ni jambo la kuogopa. Mlipe kazi yake. Ama aliyedanganya bei au kumtisha mzee, mkataba wake ufutwe bila haya. Mwenye kesi ya namna hii amwendee mwanachuoni anayemwamini na amweleze kwa ukamilifu, kwani hukumu hubadilika kwa maelezo.

Na kuna wanaoitumia khiyari kama kuazima: kununua nguo, kuivaa harusini, kisha kuirudisha. Sheria inamruhusu muuzaji aliyetoa maelezo yake kukata thamani ikiwa kitu kimetumika kupita kiasi cha kukikagua. Katika fiqhi pia, kukitumia kitu kama mmiliki ni dalili kwamba umeridhia, na khiyari yako imekwisha. Fungua, kagua, jaribu kama ungejaribu dukani, uishie hapo.

Na wewe unayeuza?

Dada anayeuza mabaibui na udi katika nyumba za watu, na kaka anayeweka meza ya manukato ukumbini siku ya Idi, wasidhani kwamba haya ni ya makampuni makubwa tu. Ukiuza kwa biashara nje ya duka lako na bei ikazidi pauni 42, unatakiwa kumpa mteja kwa maandishi jina lako, anwani, bei kamili, maelezo ya siku 14 na fomu ya kufutia. Karatasi moja inatosha. Usiseme, "Huyu ni wetu, hahitaji karatasi." Wetu ndiye mwenye haki zaidi ya kutodhulumiwa.

Na mteja akirudi hata baada ya muda wake kwisha, akajuta, kumkubalia kuna malipo. Jambo hilo fiqhi inaliita iqala, na Mtume (s.a.w.) amelibashiria: anayemwondolea mwenzake mkataba anaojutia, Allah atamwondolea makosa yake Siku ya Kiyama, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah.

Kwa wasomaji wetu walio nyumbani, ambako muuzaji hupita na vyombo, vitenge na sufuria za kulipa kidogo kidogo: msitegemee siku 14 za Uingereza, kwani sheria ile ni ya huko. Lakini khiyari ya sharti haihitaji bunge. Kabla ya kulipa sema, na iandikwe kwenye risiti: "Nina khiyari ya siku tatu." Akikubali, imekuwa haki yako. Akikataa, umepata jibu mapema kuhusu bidhaa yake.

Mambo ya kufanya

Aliyekwisha kutia sahihi aanze kwa kuangalia tarehe. Aandike kauli ya kufuta leo, si kesho, na ahifadhi nakala. Asikitumie kitu. Aangalie kama kuna mkopo uliofungamanishwa na aitaje pia kampuni ya mkopo katika barua. Akibishiwa, Citizens Advice hutoa ushauri bure na huweza kulifikisha suala kwa Trading Standards, ambao ndio wasimamizi wa sheria hizi.

Na wenye wazee nyumbani wawaambie mapema, kwa upole: muuzaji akiambiwa aondoke na akakataa, anavunja sheria, na kumfungia mlango si utovu wa adabu. Ukarimu ni kwa mgeni. Waeleweshwe pia kwamba waliyeuziwa hawakufanya aibu yoyote, kwa sababu wengi huificha karatasi mpaka siku zinapita.

Maelezo haya ni ya jumla, na kila mkataba una maneno yake. Tunamuomba Allah atutosheleze kwa halali Yake na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa.

Wallahu a'lam.